Karatasi Walizozikataa

Watu wengi wa Nairobi walilisikia jina la Luis Moreno Ocampo baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na hasa tarehe 15 Desemba 2010, siku aliyowataja Wakenya sita aliotaka wafike mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Jina lile liliingia mitaani kwa kishindo. Watoto waliochokozana walitishana kwa Ocampo, na ndani ya matatu abiria waligombana kumhusu kana kwamba ni jirani yao. Mwisho wa kesi zenyewe unajulikana: mashtaka katika kesi moja yaliondolewa Desemba 2014, kesi nyingine ikasitishwa Aprili 2016, na waliofiwa wakabaki walivyokuwa. Kwa wengi wetu, basi, jina hilo limekuwa la jambo lililoshindikana.

Ni wachache waliouliza mtu huyu alitoka wapi. Robo karne kabla ya kututajia watu sita, alikuwa wakili kijana mjini Buenos Aires, naibu wa mwendesha mashtaka Julio César Strassera katika kesi ya 1985 iliyowaweka kizimbani makamanda tisa wa jeshi walioitawala Argentina kwa mtutu wa bunduki. Walishtakiwa mbele ya majaji wa kiraia, katika nchi yao wenyewe, wakati kambi za jeshi zingali zimejaa maofisa waliowahi kuwatii. Jorge Rafael Videla na Emilio Massera walihukumiwa kifungo cha maisha, watatu walipewa vifungo vya miaka kadhaa, na wanne wakaachiliwa. Upande wa mashtaka ulichagua matukio 709 kati ya maelfu, na mashahidi 833 walisikilizwa. Jambo linalonivutia mimi zaidi ya hukumu ni swali la kikarani kabisa: ushahidi wa watu waliopotezwa makusudi, bila maiti, bila kaburi na bila rekodi ya kukamatwa, ulipatikana wapi?

Nauliza kwa sababu ndiyo kazi yangu. Katika ofisi ndogo hapa Nairobi, huwasaidia jamaa za watu waliopotezwa kuandika hati za kiapo kabla wakili hajaziwasilisha mahakamani, na hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza faida ya kuandika kitu ambacho polisi watakijibu kwa sentensi moja, kwamba hatuna mtu huyo. Wanaouliza hivyo hawana ujinga wala uvivu. Wameona majibu hayo kwa macho yao. Jibu ninaloweza kuwapa nimelipata katika historia ya nchi ambazo wanajeshi walitawala, na si jibu la kufariji sana, kwa kuwa linadai miaka mingi.

Jeshi la Argentina lilitwaa madaraka tarehe 24 Machi 1976 na kuyashikilia hadi Desemba 1983. Watu walichukuliwa majumbani, kazini na barabarani na wanaume waliovaa kiraia, mara nyingi katika magari aina ya Ford Falcon yasiyo na nambari, wakafunikwa vichwa kwa vifuniko vya kitambaa na kupelekwa katika vituo vya siri vilivyofika takriban 340. Kimoja kati ya vikubwa, chuo cha mafunzo cha jeshi la wanamaji kiitwacho ESMA, kilikuwa ndani ya jiji lenyewe, kando ya barabara kuu yenye shughuli nyingi. Mashirika ya haki za binadamu hutaja watu 30,000 waliopotezwa. Utaratibu wote ulikusudiwa kuiondolea sheria mahali pa kushika: asipopatikana maiti hakuna mauaji, asipoonekana mahabusu hakuna kukamatwa, na asiyejulikana aliko hawezi kudaiwa na yeyote. Videla alipoulizwa na mwanahabari mnamo 1979 kuhusu watu hao, alijibu kwamba mtu aliyetoweka ni fumbo, hayupo, si hai wala si maiti, ametoweka tu. Alilisema hilo mbele ya kamera, kwa utulivu wa mtu anayeeleza kanuni ya hesabu.

Jamaa walifanya kile ambacho sheria iliwaruhusu. Walipeleka mahakamani maombi ya habeas corpus, yaani amri ya kuitaka serikali imlete mtu mbele ya hakimu na ieleze inamshikilia kwa nini. Polisi walijibu kwamba hawana rekodi, jeshi likajibu vivyo hivyo, na majaji wakayatupilia mbali maombi hayo kwa maelfu. Tarehe 30 Aprili 1977 akina mama 14 walianza kukutana katika uwanja wa Plaza de Mayo, mbele ya ikulu, na polisi walipowaambia kwamba mikutano imepigwa marufuku na hawaruhusiwi kusimama mahali pamoja, wakaanza kutembea wawiliwawili wakizunguka mnara wa uwanja. Kiongozi wao wa mwanzo, Azucena Villaflor, alichukuliwa Desemba mwaka huohuo, baada ya ofisa kijana wa jeshi la wanamaji, Alfredo Astiz, kujipenyeza kati yao akijifanya ni ndugu wa mtu aliyepotezwa.

Septemba 1979 Tume ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika iliruhusiwa kuingia nchini, na watu wakapanga foleni katika barabara ya Avenida de Mayo ili waandikishe malalamiko. Siku hizohizo timu ya vijana ya Argentina, ikiwa na Maradona, ilitwaa ubingwa wa dunia huko Japani, na mtangazaji mashuhuri wa redio akawahimiza mashabiki wamiminike katika barabara hiyohiyo kuionyesha tume furaha ya nchi. Fikiria foleni ile: mama ameshika picha ya mwanawe na bahasha ya karatasi zilizokataliwa na kila mahakama, na pembeni yake umati unapeperusha bendera na kuwazomea walio kwenye mstari. Hawakuondoka. Tume iliondoka na malalamiko 5,580.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali langu la kikarani. Serikali ya kiraia iliporudi, tume iliyoongozwa na Ernesto Sábato ilipewa miezi michache tu ya kuchunguza miaka saba na nusu ya ukatili, na mnamo Septemba 1984 ilitoa ripoti iliyoorodhesha watu waliotoweka wapatao 8,960. Hakuna tume inayoweza kuifanya kazi hiyo kwa kuanzia kwenye ukurasa mtupu. Ilianza na nakala za maombi yaliyokataliwa, barua kwa maaskofu na mabalozi, malalamiko yaliyoandikishwa kwenye ile foleni, na ushuhuda wa walionusurika. Strassera na naibu wake wakajenga kesi yao juu ya msingi huohuo. Ombi moja lililokataliwa halithibitishi kitu, lakini maombi mia tano ya miji mbalimbali, yaliyoandikwa na watu wasiojuana, ya miaka tofauti, yote yakieleza gari la namna moja, saa za namna moja, kifuniko cha kichwa cha namna moja na jibu la polisi la maneno yaleyale, yanathibitisha kwamba kulikuwa na amri moja kutoka juu.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika ilikuja kulisema hilo waziwazi tarehe 29 Julai 1988, katika kesi ya Manfredo Velásquez, mwanafunzi wa Honduras aliyetekwa mjini Tegucigalpa mnamo 1981. Ilisema kwamba, kwa kuwa kumpoteza mtu ni kitendo kinachokusudia kufuta ushahidi wake chenyewe, mahakama inaweza kutegemea mwenendo uliozoeleka na dalili za mazingira, na kwamba wajibu wa serikali kuchunguza unaendelea maadamu hatima ya mtu haijajulikana. Mawakili wa hapa wanaifahamu kesi hiyo. Ningependa na jamaa waifahamu.

Kwa sababu hiyo huwa msumbufu ninapoandika hati ya kiapo. Mama mmoja, ambaye jina lake na mtaa wake nitauficha, alikuja na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nyingi hadi ikachanika pembeni. Ndani yake mlikuwa na nakala ya kitambulisho cha mwanawe, kipande cha karatasi chenye namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, picha mbili za simu zilizochapishwa kwenye saibakafe, na ujumbe wa M-Pesa alioupokea kutoka kwake jioni ya siku aliyochukuliwa, ambao aliuandika upya kwa mkono ili simu ikiharibika usipotee. Nikamwuliza alivaa nini. Akaniambia shati na suruali ya jinzi, nami nikaandika. Akanishika mkono.

"Mwanangu, usiandike shati tu. Lilikuwa la drafti, bluu na nyeupe, na kifungo cha pili kutoka juu nilikishona mimi kwa uzi mweusi."

"Nimeandika, mama. Uzi mweusi."

"Na meno. Huku chini, kushoto, aling'olewa jino akiwa darasa la saba."

Hakuna aliyemfundisha mama huyo, lakini alilolifanya ndilo ambalo wataalamu wa Argentina wa kutambua mabaki ya binadamu, waliofunzwa kuanzia 1984 na Mmarekani Clyde Snow, huwaomba jamaa: meno, mifupa iliyowahi kuvunjika, nguo, mshono. Mimi huongeza yangu. Nataka saa ya simu ya mwisho, rangi ya gari na kama lilikuwa na nambari, majina ya vituo vyote walivyokwenda kuuliza, tarehe, jina au cheo cha aliyewajibu kwenye dawati na maneno aliyoyatumia, na siku walizokwenda mochari. Hati inayosema tu kwamba tulikwenda polisi tukakataliwa haiwezi kulinganishwa na hati nyingine. Hati inayotaja dawati, saa na jibu inaweza.

Nchini Chile jambo hili lilifika mbali zaidi. Baada ya mapinduzi ya tarehe 11 Septemba 1973, Kanisa Katoliki la Santiago chini ya Kadinali Raúl Silva Henríquez lilianzisha ofisi ya msaada wa kisheria, na kuanzia Januari 1976 ofisi iliyoitwa Vicaría de la Solidaridad ikaendeleza kazi hiyo. Mawakili wake walipeleka maombi mahakamani mwaka baada ya mwaka, wakijua kwamba karibu yote yatakataliwa, na kila jibu la mahakama wakalihifadhi kwenye faili ya mhusika. Naamini hii ilikuwa moja ya kazi za kijasiri zaidi zilizowahi kufanywa kwa kalamu na kabati la chuma. Mnamo Aprili 1978 utawala wa Augusto Pinochet ulijitungia sheria ya msamaha iliyofunika makosa yaliyotendwa tangu mapinduzi hadi mwaka huo, na ilionekana kwamba mlango umefungwa kabisa.

Mlango ulifunguliwa na wepesi wa jeshi lenyewe wa kukana. Jaji Juan Guzmán, aliyepewa mashtaka dhidi ya Pinochet mnamo 1998, alijenga hoja kwamba mtu aliyetekwa na asiyeonekana, awe hai au maiti, bado ametekwa. Kosa la kumteka halikuisha 1974 wala 1978, linaendelea leo, na sheria ya msamaha haiwezi kusamehe kosa ambalo halijaisha. Jeshi likitaka msamaha uanze kufanya kazi, lithibitishe kwamba mtu alikufa, lini, wapi, na mikononi mwa nani. Wale waliokuwa wamesema kwa miaka 20 kwamba hawamjui mtu huyo walijikuta wamenaswa na majibu yao wenyewe, ambayo yalikuwa yametunzwa kwa tarehe na mihuri. Mnamo Novemba 2004 Mahakama ya Juu ya Chile ilithibitisha kifungo cha Manuel Contreras, mkuu wa polisi wa siri, katika kesi ya kijana aliyetoweka 1975, na hukumu nyingine zikamwandama hadi akafa 2015 akiwa na vifungo vilivyojumlishwa kupita miaka 500. Pinochet mwenyewe alikamatwa London mnamo Oktoba 1998, akarudishwa kwao kwa sababu za afya Machi 2000, na akafa tarehe 10 Desemba 2006 bila hukumu yoyote. Sitalipamba hilo. Kwa familia nyingi lilikuwa tusi.

Argentina nayo ilirudi nyuma kabla ya kusonga mbele. Mnamo 1986 na 1987, chini ya vitisho vya wanajeshi, bunge lilipitisha sheria mbili, moja ya kukomesha mashtaka mapya na nyingine ya kuwakinga waliodai kutii amri, kisha Rais Carlos Menem akawasamehe hata makamanda waliokwisha kufungwa. Miaka ikapita ambapo mama aliweza kukutana na mtesaji wa mwanawe kwenye duka la mikate. Lakini sheria zile hazikufunika wizi wa watoto wachanga waliozaliwa na mama wafungwa na kugawiwa kwa familia za wanajeshi, na kwa tundu hilo bibi zao waliwafuata wakubwa tena hadi Videla akakamatwa upya 1998. Mahakama za La Plata na kwingineko zikaendesha kesi zisizo na adhabu, ambazo lengo lake lilikuwa kujua ukweli tu, mashahidi wakaapa na maneno yao yakaandikwa. Wapo waliozicheka. Bunge lilipozibatilisha zile sheria mbili mnamo 2003 na Mahakama ya Juu ikakubali mnamo Juni 2005, kumbukumbu za kesi zile zilikuwa tayari, na tangu hapo zaidi ya watu 1,000 wametiwa hatiani. Videla alifia gerezani mnamo Mei 2013.

Nimezungumzia karatasi za jamaa, lakini wakosaji nao huandika, na huandika zaidi ya wanavyokumbuka. Mnamo Desemba 1977 bahari ilitupa maiti kadhaa kwenye fukwe kusini mwa Buenos Aires, zikazikwa makaburini kama za watu wasiojulikana. Mnamo 2005 wataalamu walitambua kwamba miongoni mwao alikuwemo Azucena Villaflor, na mifupa ilionyesha mivunjiko ya mtu aliyeanguka majini kutoka juu sana. Namna hiyo ya kuua ilijulikana tangu ofisa mmoja wa jeshi la wanamaji alipokiri hadharani mnamo 1995 kwamba wafungwa walidungwa dawa ya usingizi na kutupwa baharini wakiwa hai. Kilichokosekana ni ndege na rubani. Miriam Lewin, mwanahabari ambaye mwenyewe alifungwa ESMA, akishirikiana na mpiga picha wa Italia, aliifuatilia ndege moja aina ya Skyvan hadi Florida, Marekani, ambako ilikuwa ingali inaruka kwa shughuli za kawaida. Pamoja nayo yalikuwepo madaftari yake ya safari, kwa kuwa ndege haiuziki bila madaftari yake. Safari ya usiku wa tarehe 14 Desemba 1977 ilikuwemo, na majina ya waliorusha. Tarehe 29 Novemba 2017 mahakama ilitoa vifungo vya maisha 29 katika kesi kubwa ya ESMA, na wawili wa marubani wale walikuwa miongoni mwa waliohukumiwa, pamoja na Astiz.

Paraguay ilikuwa na kisa cha namna hiyo. Martín Almada, mwalimu aliyeteswa chini ya utawala wa Jenerali Alfredo Stroessner, aliitumia katiba mpya ya 1992 kuiomba mahakama impe kumbukumbu zilizomhusu yeye mwenyewe, na Desemba mwaka huo, akiwa na jaji, akaingia katika kituo cha polisi cha Lambaré na kukuta marundo ya faili za polisi wa siri. Faili hizo zilieleza jinsi serikali za kijeshi za kusini mwa Amerika zilivyokuwa zikikamatiana wapinzani ng'ambo ya mipaka katika mpango ulioitwa Kondori, uliokubaliwa mjini Santiago mnamo Novemba 1975. Mnamo Mei 2016 mahakama ya Buenos Aires iliwatia hatiani watu 15 kwa sababu ya mpango huo. Nilipokuwa nikisoma hukumu hiyo sikuwaza juu ya Amerika. Niliwaza juu ya tarehe 16 Novemba 2024, mwanasiasa wa Uganda Kizza Besigye alipochukuliwa hapahapa Nairobi na siku nne baadaye akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Kampala.

Tusidhani kwamba Afrika haina mifano yake, mizuri na mibaya. Nchini Chad, Souleymane Guengueng, mhasibu aliyenusurika magereza ya Rais Hissène Habré, alikusanya maelezo ya waathiriwa 792 na kuyaficha nyumbani kwake alipotishwa. Mnamo 2001 nyaraka za polisi wa siri wa Habré zilipatikana katika makao yao ya zamani mjini N'Djamena, na tarehe 30 Mei 2016 mahakama maalumu ya Kiafrika iliyoketi Dakar ilimhukumu Habré kifungo cha maisha. Uganda ilikuwa na faili pia, tena iliyoamriwa na Idi Amin mwenyewe. Mnamo 1974 tume ya Jaji Mohamed Saied ilichunguza watu waliotoweka tangu mapinduzi ya Januari 1971, ikaandika matukio 308 na kuwataja maofisa wa vikosi vya usalama kuwa ndio wahusika wakuu. Hakuna aliyeitumia. Amin alikufa kitandani huko Jeddah mnamo 2003. Huwaeleza jamaa kisa hiki pia, kwa sababu faili bila mwendesha mashtaka mwenye nia ni karatasi tu, na si haki kuwaficha hilo.

Kenya haikuwahi kutawaliwa na jeshi, na jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilizimwa kwa muda mfupi. Kupoteza watu, hata hivyo, hakuhitaji jenerali ikulu. Operesheni ya jeshi Mlima Elgon mnamo 2008 iliacha familia zinazotafuta watu wao hadi leo. Baada ya maandamano ya Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitangaza Desemba mwaka huo kwamba watu 82 walikuwa wametekwa, na 29 kati yao walikuwa hawajulikani waliko. Mashahidi wanaeleza magari yasiyo na nambari na wanaume wasiovaa sare, nami kila ninapoandika maneno hayo nakumbuka zile Falcon. Mji huu una akina mama wake pia. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai, walianza kufunga kula katika bustani ya Uhuru, wakapigwa na polisi tarehe 3 Machi, wakahamia Kanisa la Watakatifu Wote na kukaa humo takriban mwaka mzima hadi karibu wana wao wote wakaachiliwa. Tofauti yao na mama wa shati la drafti ni moja tu, lakini ni kubwa: wao walijua jina la gereza.

Katiba yetu ya 2010 imeandikwa vizuri. Kifungu cha 49 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kifungu cha 25 kinasema haki ya habeas corpus haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kudai habari zilizo mikononi mwa serikali, ambayo ndiyo njia aliyoipita Almada, na naona tunaitumia kidogo mno. Kinachokosekana ni sheria inayolitaja kosa lenyewe. Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa wa kuwakinga watu wote dhidi ya kupotezwa tarehe 6 Februari 2007, lakini saini bila kuuridhia haimlazimishi mtu. Mwendesha mashtaka anayetaka kushtaki leo atalazimika kutumia kosa la utekaji nyara la kawaida, lilelile linalotumiwa kwa majambazi wanaodai fidia, na hoja ya Guzmán ya kosa lisiloisha italazimika kupiganiwa upya mbele ya kila jaji.

Kuna na jambo la chini zaidi, la maisha ya kila siku, ambalo hotuba hulisahau. Kwa Sheria ya Ushahidi, mtu asiyesikika kwa miaka saba huchukuliwa kuwa amekufa. Kabla ya hapo mke hawezi kugusa akaunti ya benki wala hati ya shamba, na baada ya hapo anatakiwa yeye mwenyewe aende mahakamani kumtangaza mumewe maiti. Kwa Mwislamu swali linakuja mapema: akae eda au asikae, hitima isomwe au isisomwe, na kadhi ataamua kwa ushahidi gani? Nimewaona wanawake wakisumbuliwa na swali hilo kuliko na swali la pesa. Argentina ililipatia jibu mnamo 1994 kwa sheria iliyounda hali ya mtu asiyekuwepo kwa sababu ya kupotezwa, ili ndoa, mali na malezi ya watoto yashughulikiwe bila kumlazimisha yeyote kusema kwamba mtu wake amekufa. Sheria ya namna hiyo haimtishi jenerali wala inspekta. Sielewi kwa nini hakuna mbunge wetu aliyeiona.

Jambo la dharura kuliko yote ni damu. Bibi wa Plaza de Mayo waliwafuata wanasayansi, akiwemo Mmarekani Mary-Claire King, wakiuliza kama damu ya bibi inaweza kumtambulisha mjukuu wakati wazazi hawapo, na mnamo 1987 Argentina ikaunda benki ya taifa ya vinasaba. Zaidi ya wajukuu 130 wamepatikana, wengi wao kwa njia hiyo, baadhi yao wakati bibi aliyetoa damu alikuwa amekwisha kufa. Hapa kwetu maiti zisizo na wenyewe huzikwa kwa pamoja baada ya tangazo la gazeti, na sheria ya huduma ya wachunguzi wa vifo ilipitishwa mnamo 2017 kisha ikakaa kabatini. Mama wa shati la drafti ana kisukari, na baba wa kijana alifariki kabla faili haijafunguliwa. Wakili amekubali kuongeza ombi moja kwenye kesi: kwamba mahakama iamuru sampuli ya mama ichukuliwe na kutunzwa sasa, na kwamba kila maiti isiyo na mwenyewe ichukuliwe sampuli kabla ya kuzikwa. Ombi limepewa tarehe ya kutajwa. Huenda likakataliwa, na likikataliwa tutachukua nakala ya uamuzi yenye muhuri na kuiweka katika faili.